Mwanamke Aliyemfundisha Kabula Gitaa

Kabla ya kuwasha amplifaya, Mwalimu alikuwa anavua bangili zake mbili anazitia mfukoni mwa sketi. Halafu anatazama sakafu kama imelowa. Halafu anafuata waya kwa macho, kutoka kwenye gitaa mpaka kwenye mashine, kutoka kwenye mashine mpaka ukutani. Halafu anarudisha kitufe cha sauti chini kabisa. Ndipo anawasha. Nimemwona akifanya hivyo miaka kumi na miwili, na sikumwona akiruka hata jambo moja, siku ya msiba wala siku ya harusi. Mimi nilikuwa nakaa benchi la pili namtazama, nangoja akosee.

Nisimzungushe mtu. Nilimwonea wivu. Haukuwa wivu wa mume, maana wangu alikuwa ameshafariki, wala wivu wa nyumba, maana yeye alipanga chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi hapa Buseresere. Nilimwonea wivu wa mtoto. Kabula ni binti yangu kitindamimba, nilimzaa nikiwa nimeshagawa nguo zote za watoto, na alipofika miaka kumi na minne akaanza kumfuata yule mwanamke kama ndama anavyofuata chumvi. Nilitaka mwanangu arudi kwangu. Hilo ndilo nililolitaka muda wote huu ninaousimulia.

Huku kwetu mwanamke anaitwa kwa jina la mtoto wake. Mimi ni Mama Shija tangu nikiwa binti mdogo kabisa, kwa ajili ya Shija, mtoto wangu mkubwa. Yeye hakuwa na mtoto, basi watu wakamwita Mwalimu, ingawa hakuwahi kushika chaki. Alifundisha kwaya ya kanisa letu na alipiga gitaa la umeme. Mwanamke wa rika langu, sketi mpaka kwenye vifundo vya miguu, raba nyeupe, gitaa begani. Jumapili ya kwanza wazee walinong'ona. Jumapili ya pili walicheza.

Ile amplifaya ililetwa na vijana wa kanisa waliokuwa wamepata kidogo kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu upande wa Geita. Ni sanduku jeusi, ukubwa kama begi la safari. Gitaa linaingizwa kwa waya, sauti inatoka kubwa. Lakini haikuwa amplifaya ya zamani ya kupaza sauti tu. Hii ilikuwa na sauti nyingi tumboni. Mbele ilikuwa na kioo kidogo chenye namba, na kila namba ilibadilisha gitaa likawa kitu kingine. Namba mbili ililia kama mtu yuko pangoni. Namba tano ilitetemeka kama sauti ya mzee. Namba saba ilinguruma kama karasha linalosaga mawe ya dhahabu, na hiyo Mwalimu aliikataza kanisani.

Aliikataza kwa sababu aliijua. Siku moja mzee wa kanisa, mtu mzima mwenye mvi, alikwenda pale mbele kabla ya ibada akasema na yeye aone. Akabonyeza bonyeza mpaka saba, na sauti ilikuwa juu, na gitaa lilikuwa limeegemezwa kwenye kiti. Likapiga yowe lenyewe. Mzee akakaa chini sakafuni, kofia huku, Biblia kule. Mwalimu alikuja mbio kutoka nje akashusha sauti, akamwinua, akamfuta vumbi kwenye koti. Hakumcheka.

"Baba," akamwambia, "namba hizi hazilingani nguvu. Nyingine ni mtoto, nyingine ni ng'ombe dume. Kabla hujahama, shusha sauti kwanza, ndipo uhame, ndipo upandishe kidogo kidogo."

"Nimekuelewa, Mwalimu," mzee akasema. "Ila ungeniambia kabla sijahama."

Watu wakacheka, naye akacheka. Alikuwa na kicheko kibaya, cha puani, kama mtu anayepiga chafya. Nakumbuka nilifurahi kwamba ana kicheko kibaya.

Masharti yake yalikuwa mengi kuliko ya mganga. Gitaa liingizwe waya kwanza, mashine iwashwe baadaye; na wakati wa kufunga, sauti chini, zima, ndipo uchomoe. Waya usivutwe kwa shingo, ushikwe kichwa chake. Kikombe cha chai kisikae juu ya mashine, hata kama ni cha mchungaji. Mashine isiegemezwe ukutani, iachiwe nafasi nyuma. Ikiwa mvua imeanza kunguruma kutoka upande wa ziwa, ichomolewe ukutani kabisa, kuzima tu haitoshi. Umeme ukikatika, ichomolewe pia, kwa sababu umeme wetu ukirudi unarudi na hasira. Na mtu asiifungue. Kulikuwa na mwimbaji mmoja wa sauti ya nne, fundi wa baiskeli, aliyetaka kuifungua kwa kisu aone hizo sauti zinakaa wapi. Mwalimu alimshika mkono.

"Si nimeichomoa?" yule fundi akasema.

"Umeichomoa, ila tumboni bado ina umeme iliouweka akiba. Utakurusha."

"Baiskeli haina mambo haya."

"Basi rudi kwenye baiskeli, ndugu yangu."

Jambo lililomtia wazimu zaidi ni lile la kalamu. Kila mtu hapa kwetu analijua. Soketi ya ukutani ina matundu matatu, waya wa redio una meno mawili, basi mtu anachukua kalamu au kijiti anachokonoa tundu la juu, ile midomo inafunguka, anachomeka. Mimi mwenyewe nachaji simu hivyo mpaka leo. Mwalimu akikuta kijiti kwenye soketi ya kanisa alikuwa anakichomoa, anakipeleka mbele ya kwaya, anakishika juu kama mwalimu wa shule aliyekamata kipande cha muwa darasani. "Hili jino la tatu ndilo la ardhi," anasema. "Hili ndilo linalochukua umeme uliopotea njia na kuupeleka chini. Ukilikata, umeme utatafuta njia nyingine, na njia nyingine ni wewe uliyeshika nyuzi." Kabula alikuwa anayasikiliza maneno haya mdomo wazi. Mimi nimemwambia mwanangu mara elfu asitembee na ndala mvua ikinyesha, hakuwahi kunisikiliza mdomo wazi.

Sasa mtu atadhani alikuwa mwanamke wa uangalifu. Hakuwa. Nyumbani kwake aliwasha jiko la mkaa kwa mifuko ya plastiki, moshi mweusi mpaka majirani wanafunga madirisha. Alivuka barabara ya Biharamulo anatafuna hindi, bila kugeuza shingo kushoto wala kulia, malori yakimpigia honi. Chai alitia sukari vijiko vinne. Aliwaambia wanakwaya wapatane, na yeye alikaa miaka miwili bila kusalimiana na katibu wa kanisa kwa sababu ya funguo. Kusema kweli hata kupika hakujua. Kabula alirudi siku moja kutoka kwake, nikamuuliza wamekula nini, akasema ugali.

"Na nini?"

"Na chumvi, mama."

"Huyo ndiye anakulea?"

"Hanilei. Ananifundisha."

"Mimi nakulisha, yeye anakufundisha, halafu unalala unamwota nani?"

Mtoto aliinuka. Aliosha vyombo. Nilikuwa nampiga kwa maneno namna hiyo kila alipotoka kule, na kila nilipompiga alizidi kwenda. Nilijua, nikaendelea.

Msimu mmoja wa pamba nilimkataza kabisa. Nikasema mikono inatakiwa shambani. Hakubisha. Alichuma kuliko wote, mpaka dada zake wakaona haya. Lakini nilimwona jioni amekaa juu ya gunia, mkono wa kushoto umeshika mpini wa jembe, vidole vinatembea juu ya ule mti, vinabonyeza, vinaachia. Uso wake ulikuwa umetulia kuliko nilivyowahi kuuona nikiwa nazungumza naye. Nilikaa wiki tatu naye nyumbani, yuko mbele yangu, na bado alikuwa kule. Nikamwambia nenda zako.

Baada ya hapo Mwalimu akaanza kuja kwangu badala ya mtoto kwenda kwake. Nadhani alitaka kunituliza. Alikuja na ile amplifaya, wameibeba wawili, akaiweka sebuleni kwangu juu ya stuli, mbali na dirisha. Nikasema mwenyewe moyoni, haya, sasa na mimi nitasikia. Basi akatoa waya mwembamba wa masikioni, ule wenye vipande viwili, akauchomeka. Kimoja akakitia yeye sikioni, kimoja Kabula. Kwanza alishusha sauti mpaka chini, akavaa, akapandisha taratibu, akamwambia mtoto, "Sikio likishaharibika halishonwi, anza chini." Halafu wakapiga.

Unajua mimi nilisikia nini? Nilisikia nyuzi kavu, tik, tik, tik, kama kuku anadonoa bati. Muziki wote ulikuwa ndani ya ule waya, kati ya sikio lake na sikio la mwanangu. Walikuwa wanatikisa vichwa pamoja. Walicheka pamoja mahali fulani. Nilikuwa nimekaa nachambua mchele ndani ya nyumba yangu, na walikuwa wananifungia mlango bila kuinuka kitini.

"Mnacheka nini?" nikauliza.

"Kabula amekosea vizuri," Mwalimu akasema.

Mtu anakoseaje vizuri? Sikuuliza. Alinyoosha mkono, akataka kunipa kile kipande chake nivae. Nikasema mimi nina mchele.

Sasa nitasema habari ya kitambaa, maana wapo wanaoisimulia vibaya.

Kwetu kitu cha thamani kinavishwa. Redio inafunikwa kitambaa, runinga inafunikwa, makochi yanavalishwa migongoni, hata kiti cha mgeni. Nyumba ambayo vitu vyake viko uchi ni nyumba ya mtu asiye na mama. Mimi nafuma vizuri, hilo hata adui yangu atakubali. Nikakaa wiki tatu nafuma kitambaa cha amplifaya, uzi mweupe, maua ya njano pembeni, kikubwa cha kuifunika mpaka miguuni, mbele nikaacha mlango wa vitufe na wa spika. Nilitaka watu wakiitazama ile mashine waone mkono wangu. Nilitaka Kabula akiigusa, aguse kazi yangu. Jumamosi tulipokuwa tunapamba kanisa nikaivika. Wanawake wakasema, Mama Shija, imependeza. Ilipendeza kweli.

Jumapili ile kulikuwa na joto la kabla ya mvua. Mwalimu alichelewa, ametoka kuzika mtu, alifika ibada imeanza. Alivua bangili, akatazama sakafu, akafuata waya, akashusha sauti, akawasha. Alikitazama kitambaa, akanitazama mimi, akakiacha. Wimbo wa kwanza ukaenda. Wa pili ukaenda. Wa tatu, katikati, mashine ikanyamaza. Kile kioo cha namba kikazimika. Kukawa na harufu kama ya nguo iliyosahauliwa chini ya pasi. Kwaya ikaendelea bila gitaa, ikapanda, ikapotea, ikacheka.

Mwalimu akachomoa waya ukutani. Akakivua kile kitambaa mbele ya kanisa zima, taratibu, kama anavua nguo ya mtoto aliyelala. Nyuma ya mashine kulikuwa na matundu madogo madogo, mistari na mistari, na kitambaa changu kilikuwa kimeyafunika yote. Akakikunja mara nne, kwa adabu, kona kwa kona. Akaja mpaka benchi la pili akanikabidhi kwa mikono miwili.

"Mama Shija, inapumulia mgongoni," akasema. "Imejizima yenyewe, imejiokoa. Kazi yako ni nzuri mno. Itandike mezani."

Alisema kwa sauti ya chini, lakini kanisa lilikuwa kimya, kila mtu akasikia. Mtoto mmoja akarudia, "Inapumulia mgongoni," na hapo ndipo watu walipocheka. Kabula alicheka pia. Alijiziba mdomo, lakini nilimwona.

Nikikumbuka leo najua alikiona kitambaa tangu mwanzo, akajua hatari yake, na kwa mara moja tu katika maisha yake akavunja sharti lake, asinivunjie heshima. Wakati ule sikuliona hilo. Niliona amenivua mimi. Baada ya ibada mashine ilipopoa ikawashwa tena, aliniita nyuma yake, akasema, "Weka mkono hapa, usikie hewa inavyotoka." Nikamwambia mikono yangu imechoka. Nikaenda nyumbani.

Kuna watu watasema, bibi, kwa nini hukusamehe? Subirini kwanza niseme ya Segese.

Kabula alikuwa na miaka ishirini. Kwaya iliitwa kuimba kwenye harusi kule Segese, kwenye yale maduka karibu na mgodi, watu wenye uwezo. Turubai kubwa, viti vya kuvishwa, spika ndefu kuliko mtu. Umeme ulikuwa wa jenereta. Kabula alikuwa apige na kuimba mwenyewe mbele, maikrofoni mdomoni, gitaa mkononi. Nilivaa vitenge vipya. Nilikuwa nimewaambia wanawake watatu niliokaa nao, yule ni wangu.

Mambo yote yako tayari, bwana harusi ameketi, Mwalimu akasema, hapigi mtu.

Mshereheshaji akamuuliza kwa maikrofoni, "Mama, kuna tatizo?"

"Lipo. Maikrofoni imechukua umeme upande ule, amplifaya imechukua upande huu. Nataka zitoke mahali pamoja."

"Tumefanya harusi mia hivi hivi."

"Hii ya mia na moja itangoja."

Watu wakaanza kupiga miluzi. Mtu mmoja mlevi akasema huyo bibi anataka kupiga yeye. Fundi wa jenereta, kijana mnene mwenye tochi kifuani, akaja akisonya. Nami niseme ukweli wangu: nilifurahi. Moyo wangu ulikuwa unasema, leo ataaibika mbele ya watu wa mbali, na Kabula ataona. Nilikunja mikono nikangoja.

Mwalimu akatoa tesita mfukoni, ile bisibisi ndogo yenye taa mkiani. Akaigusisha kwenye nyuzi za gitaa lililokuwa limelala mezani. Ikawaka. Taa ndogo nyekundu, kama jicho la panya. Fundi wa jenereta akaacha kusonya. Nyuzi zile zile ambazo mwanangu alikuwa azishike dakika ile, mdomo wake ukiwa kwenye chuma cha maikrofoni.

"Waya wako wa kuunganishia una matundu matatu," Mwalimu akamwambia, "ila ukiufungua ndani utakuta nyaya mbili. La ardhi ni pambo tu. Tafuta mwingine, na vyote viwili uchomeke hapo."

Wakatafuta mwingine kwenye duka la Mhindi mmoja jirani, wakafunguliwa duka kwa ajili hiyo. Vyote vikachomekwa mahali pamoja. Tesita ikagusishwa tena, haikuwaka. Ndipo akampa Kabula gitaa. Alimpa na kumshika bega kidogo, basi.

Mimi nilikaa pale, mikono bado nimeikunja. Nilimzaa yule mtoto, nilimnyonyesha, nilimlaza kifuani alipougua surua, na siku kifo kilipokuwa kimetandazwa mezani kama nguo ya kuvaa, mimi nilikuwa nafurahia kwamba mlinzi wake anazomewa. Mtu anaweza kudhani hapo wivu wangu uliisha. Uliongezeka. Laiti ningekuwa mimi niliyeijua ile taa.

Kabula akapiga, watu wakasimama juu ya viti. Baada ya hapo mshereheshaji akasema, familia ya bwana harusi imependezwa, wanataka kumpa mama wa huyu binti zawadi. "Mama yake asimame tumwone." Kabla sijashika mkoba wangu, watu waliokuwa mbele walishamwinua Mwalimu. Walimsukuma kwa mikono, wanapiga vigelegele. Akasimama. Aligeuka anatafuta nyuma, mdomo unasema kitu, ngoma zilikuwa zimeshaanza, hakuna aliyesikia. Wakamvika kanga begani. Wale wanawake watatu nilioketi nao wakanitazama, mmoja akauliza, "Si ulisema ni wako?"

Usiku ule kwenye gari alinikabidhi ile kanga. "Ni yako, Mama Shija. Walinikosea."

"Ulisimama," nikasema.

Tulipita mto. Halafu akasema, "Nilisimama kwa sababu miguu ilisimama yenyewe. Hakuna mtu aliyewahi kuniita mama wa mtu."

Nilimwelewa kabisa. Ndiyo maana sikumjibu.

Miaka ikaenda hivyo. Kabula alihamia Geita mjini, anapiga kanisani kule na kwenye sherehe, na ile amplifaya kanisa letu lilimpa yeye baada ya kupata nyingine. Mwalimu alichukuliwa na binti wa kaka yake, akahamia Shinyanga mjini, mtaa wa Kambarage. Nilidhani nitapumua. Nilikaa benchi la pili, mbele kuna kijana anapiga gitaa, na macho yangu yalikuwa hayana mahali pa kukaa.

Mwaka huu kiangazi nilikwenda Shinyanga kutazamwa macho. Kabula akanipigia simu. "Mama, ukiwa kule umpitie Mwalimu." Nilitaka kusema nina haraka. Nikabeba michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, kidogo tu, kama mtu anayepeleka kwa sababu ametumwa.

Ilikuwa Ijumaa, saa nne asubuhi. Nyumba ya wapangaji, vyumba vinatazamana, uani wanawake wanafua. Mwalimu alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, amepungua, raba zile zile nyeupe. Nikamwamkia kwa lugha yetu, mwangaluka. Hakujibu. Nikasema moyoni, kumbe na yeye anaweka kinyongo. Nikasogea mbele yake, akaona kivuli, akainua uso, akatabasamu mpaka nikaona pengo.

"Mama Shija! Kaa, kaa. Sema kwa nguvu, masikio yameondoka."

Aliniambia mwenyewe. Ujana wake wote, kabla hajaja kwetu, alikuwa anapiga kwenye kumbi za machimboni, amesimama kifua mbele ya spika, hakuna aliyemwambia ashushe. Masharti yote aliyowafundisha watoto alikuwa ameyapata baada ya kuharibikiwa. La kushoto lilikufa zamani. La kulia limemfuata mwaka jana. Kabula alikuja mwezi uliopita na gitaa, akampigia pale pale uani, wapangaji wote wakatoka.

"Niliona vidole," akasema. "Vidole ni safi. Lakini sikusikia kitu." Akavuta kiti chake karibu na changu mpaka magoti yakagusana. "Wewe unamsikia. Unakwenda kanisani kwake Jumapili. Niambie, anapigaje siku hizi?"

"Anapiga vizuri," nikasema kwa nguvu.

"Hilo hata muuza nyanya atasema. Nieleze. Bado anakimbia akikaribia pambio, au amejifunza kusubiri? Anatumia mwangwi mwingi? Nilimwambia apunguze mwangwi, unamficha."

Nikafungua mdomo. Nikatafuta. Nilikuwa nimekwenda kwa Kabula Geita mara nyingi, nilikuwa nimekaa mbele yake miaka yote ile Buseresere, na Segese, na sebuleni kwangu. Niliweza kumwambia Mwalimu alivaa sketi gani Jumapili gani. Niliweza kumwambia mtoto alimtazama mara ngapi baada ya wimbo, na mimi mara ngapi. Na hata kule Geita, ambako yeye hayupo, nilikuwa nakaa natazama mlangoni kama ataingia. Wimbo sikuwa nao hata mmoja. Mtu aliyekuwa na kila kitu changu alikuwa ananiomba kitu kimoja ambacho mimi tu ningeweza kuwa nacho, na sikuwa nacho.

"Sijui," nikasema.

"Eh?"

"Sijui. Nilikuwa nakutazama wewe."

Akaweka kiganja nyuma ya sikio la kulia. "Sikusikii, Mama Shija. Panda juu."

Mimi ni bibi wa wajukuu tisa. Niko kwenye ua wa watu nisiowajua, na yule mwanamke wa karibu ameshaacha kusugua shati, mikono iko ndani ya povu, anangoja. Nikasema kwa sauti ya kuita ng'ombe.

"Nilikuwa nakutazama wewe! Miaka yote! Mtoto sikumsikiliza!"

Wengine wote wakaacha kufua. Mahali fulani bomba lilikuwa linadondoka. Mwalimu hakucheka kile kicheko chake, wala hakunionea huruma, ningemchukia kama angenionea huruma. Aliitikia kwa kichwa mara moja, kama mtu aliyeuliza saa akaambiwa.

"Haya," akasema. "Jumapili ni keshokutwa."